Kodi kwenye kompyuta ya sebuleni: kabla fundi hajafuta diski

Swali

Nilinunua kompyuta ndogo ya mezani Luthuli Avenue, zile za Ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 8, diski ya GB 500, Windows 10. Nimeiweka kando ya televisheni. Nimeshamwaga ndani yake video ya harusi yetu, ruracio (sherehe ya mahari) ya mdogo wangu, mazishi ya baba, nyimbo za injili na sinema za watoto. Nataka vitu hivi vionekane kwenye televisheni kwa mpangilio, si kutafuta faili moja moja na maus. Fundi wa mtaani anasema atafuta Windows aweke LibreELEC kwa shilingi 3,000. Lakini watoto wawili wanafanyia hapo kazi za shule, na intaneti yetu ni ya bando. Nifanyeje?

Mama Shiru, Umoja

Jibu

Mama Shiru, fundi asiguse kitu kwanza. Umesema video ya mazishi ya mzee umeshaimwaga kwenye hiyo kompyuta. Je, iko mahali pengine popote? Nauliza kwa sababu LibreELEC haiwekwi juu ya Windows kama unavyoweka programu ya kuandikia barua. Ni mfumo mzima unaojitegemea, na ukiisakinisha kwenye diski haiombi kona ya kukaa. Inaichukua diski yote, inaipanga upya, na kila kilichokuwemo kinaondoka: Windows, kazi za watoto, harusi, na mzee. Fundi anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado asikumbuke kukuuliza. Sinema za watoto utazipata tena. Ile siku ya mazishi haitarekodiwa mara ya pili.

Unachokihitaji kinaitwa Kodi, na hicho ndicho fundi angekuletea ndani ya LibreELEC. Kodi ni programu huria ya kuonyesha video, muziki na picha kwenye skrini kubwa. Ilianza mwaka 2002 kwenye mashine za michezo za Xbox, ikajulikana kwa miaka mingi kama XBMC, na mwaka 2014 ikapewa jina ililo nalo sasa. Ni ya bure, hakuna akaunti ya kufungua wala malipo ya mwezi. LibreELEC, iliyozaliwa mwaka 2016, ni Linux, mfumo huria wa kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, iliyopunguzwa ikabaki na yale tu yanayotosha kuiendesha Kodi. Kwa kompyuta isiyo na kazi nyingine ni nzuri mno, nami nimeiweka kwenye nyumba nyingi. Kwa kompyuta ambayo mtoto anaandikia insha, haifai. Kodi yenyewe inakaa ndani ya Windows bila kumsumbua mtu: watoto wakimaliza kazi za shule unaifungua, mkimaliza kutazama unaifunga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni nakala. Nunua diski ya nje, TB 1 inakutosha kwa muda mrefu, na ukiiandaa chagua muundo wa exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili moja iliyozidi GB 4, na video za harusi hupita hapo bila shida. Faili itakataliwa na utadhani diski ni mbovu. Ukishanakili, usiamini ule mstari wa kijani uliofika mwisho. Chomoa diski, ichomeke kwenye laptopu nyingine, fungua video ya mzee, kisha ruka hadi dakika kumi za mwisho. Ikicheza hapo, sasa una nakala. Ipeleke kwa ndugu yako au kwa mama, isikae rafu moja na kompyuta, maana mwizi akija huchukua vyote viwili.

Kuisakinisha Kodi ndiyo sehemu nyepesi. Nenda kodi.tv, na uiandike hivyo hivyo kwenye kivinjari, kwa sababu ukitafuta neno "kodi" kwetu utaletewa kodi ya nyumba na habari za KRA, wale wa ushuru, na katikati yake tovuti za kuigiza zenye programu chafu. Chagua Windows, kisha faili ya 64-bit. Toleo la 21, lililotoka Aprili 2024 kwa jina la Omega, linakwenda vizuri kwenye mashine kama yako. Bofya, kubali, subiri dakika chache. Ikifunguka itajaza skrini nzima. Ukitaka kuirudisha iwe dirisha dogo, bonyeza kitufe cha mkwaju unaolalia kushoto, yaani \. Herufi chache za kuweka kichwani: nafasi inasimamisha na kuendeleza, X inakata, C inafungua menyu ya kitu ulichosimamia, T inawasha na kuzima manukuu.

Pengine shida itaanzia kwenye waya. Nyingi ya hizi kompyuta ndogo za ofisini, HP EliteDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre, zina tundu la DisplayPort na la VGA, hazina HDMI. DisplayPort hufanana na HDMI ila kona yake moja tu ndiyo imekatwa. Utahitaji adapta ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI. Mwambie muuzaji kwa maneno hayo hayo, kompyuta ndiyo DisplayPort na televisheni ndiyo HDMI, kwa sababu ziko adapta za kwenda upande wa pili, zinafanana kwa sura, na kwako hazitaonyesha chochote. VGA iepuke: picha itakuja lakini sauti haipiti humo. Na hata kwa waya sahihi, mara nyingi siku ya kwanza sauti hutokea kwenye kispika kidogo cha kompyuta. Ndani ya Kodi bofya alama ya gia juu kushoto, ingia System, kisha Audio, na kwenye kifaa cha kutolea sauti chagua kile chenye jina la televisheni yako au neno HDMI.

Sasa mpangilio, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu hapa ndipo Kodi inapokuwa maktaba au inapobaki ghala. Kodi haizitazami picha za video ili ijue ni nini. Inasoma jina la folda na la faili, inalipeleka kwenye hifadhidata ya filamu mtandaoni, na inarudi na bango, majina ya waigizaji na maelezo ya hadithi. Ukiipa jina baya, itakurudishia jibu baya kwa uaminifu wote.

Nilifika nyumba moja Buruburu ambako kijana alikuwa amewasakinishia Kodi wiki moja nyuma. Mama mwenye nyumba aliniita tu, hakusema shida ni nini. Nilipofungua orodha ya sinema niliona, kati ya katuni mbili, bango la filamu ya kigeni: mwanamume mwenye miwani myeusi, hasira usoni. Nikabofya. Ilikuwa video ya mazishi ya mume wake. Folda iliitwa "Baba" peke yake, na Kodi ilikwenda ikapata filamu yenye jina hilo, ikambandika shujaa wa watu juu ya jeneza la mumewe. Yule mama alikuwa ameacha kuiwasha televisheni. Kurekebisha kulinichukua dakika tano, lakini wiki nzima alikuwa ameishi na jambo lile.

Kwa hiyo tenganisha vya nyumbani na vya dukani tangu mwanzo. Ndani ya diski fungua folda tatu: Familia, Sinema, Muziki. Ndani ya Sinema, kila filamu iwe na folda yake yenye jina kamili na mwaka kwenye mabano, na faili iliyomo iwe na jina hilo hilo. Usiliache lile jina refu ililokuja nalo, lenye nukta, herufi kubwa na namba nyingi. Mwaka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana filamu tano zinaweza kuitwa jina moja. Vipindi vya mfululizo viwe kwenye folda yao tofauti, na kila faili iwe na alama ya msimu na sehemu, kama S01E03. Bila hiyo Kodi haijui kipi kitangulie.

Ndani ya Familia anza na mwaka, kisha mwezi, kisha tukio: "2008-12 Harusi yetu", "2019-08 Ruracio". Zikipangwa kwa alfabeti zitajipanga pia kwa miaka, na mtoto ataona familia yake ikisonga mbele. Halafu chagua picha moja nzuri ya siku ile, iite folder.jpg, uitie ndani ya folda ya tukio. Kodi itaitumia kama bango. Kwa mzee, tafuta ile picha mliyoitumia kwenye kijitabu cha ibada, au mkipenda, picha ya siku aliyokuwa akicheka.

Sasa iambie Kodi folda ziko wapi: Videos, kisha Files, kisha Add videos, utafute folda. Itakuuliza folda hii ina nini. Kwa Sinema chagua Movies, na itaanza kutafuta mabango. Kwa Familia chagua None. Neno hilo linatisha kidogo, kana kwamba unasema humo hamna kitu, lakini maana yake ni kwamba Kodi isiende kuuliza watu wa nje kuhusu mambo ya nyumbani kwako. Utazikuta video hizo chini ya Files, na ukisimama juu ya folda ukabonyeza C unaweza kuiongeza kwenye vipendwa, ikae karibu.

Kuhusu bando, Kodi haihitaji intaneti kucheza kilicho kwenye diski yako. Inaihitaji mara moja, wakati wa kuleta mabango na maelezo. Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: maandishi hushuka wakati wa kuchambua folda, lakini picha nyingi hushuka pale unapozitazama mara ya kwanza. Kwa hiyo siku hiyo ya kwanza, kabla hujakata mtandao, pitia orodha yote ya sinema taratibu kutoka juu hadi chini mabango yajitokeze. Baada ya hapo yamehifadhiwa kwenye kompyuta. Kisha ingia kwenye gia, System, Add-ons, na kwenye Updates chagua ikuarifu tu bila kujisakinishia. Windows yenyewe ndiyo mlaji mkubwa zaidi wa bando. Kwenye mipangilio yake ya mtandao iambie kuwa waifai hiyo inalipiwa kwa kipimo, alama iliyoandikwa metered, itatulia.

Je, mashine yako ina nguvu ya kutosha? Kwa video za harusi na sinema za kawaida, ndiyo, tena inabaki na akiba. Prosesa ya kizazi cha nne inafungua video za H.264, namna ya kawaida ya kubana video, kwa sehemu maalumu iliyomo ndani ya chipu, na video nyingi za wapiga picha wetu ni za aina hiyo. HEVC, namna mpya zaidi ya kubana video ambayo majina ya faili huiandika x265, haina sehemu kamili ya kuifungulia humo. Intel walianza kuitia kwenye kizazi cha sita, na ile ya rangi za biti 10 kwenye cha saba. Kwako HEVC ya kiwango cha 1080p kwa kawaida itacheza kwa jasho la prosesa, feni utaisikia. HEVC ya 4K usijaribu, itakatakata. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: video ikiwa inacheza, bonyeza herufi O. Maandishi madogo yatatokea juu ya picha, na kwenye mstari wa kifunguzi cha video utaona herufi mbili mwishoni. HW ni habari njema, chipu inafanya kazi yake. SW maana yake prosesa inabeba mzigo wote peke yake. Ukiona SW kwenye video ya kawaida ya H.264, ingia Settings, Player, Videos, uhakikishe uharakishaji wa maunzi umewashwa.

Rimoti ya televisheni haitaiendesha Kodi kwenye kompyuta, kwa sababu matundu ya kompyuta hizi hayapitishi zile amri za rimoti ambazo dekoda hupokea kupitia waya wa HDMI. Tumia simu. Kwenye Android pakua Kore, ambayo ni ya watu wa Kodi wenyewe. Kwenye Kodi ingia Settings, Services, Control, ruhusu kuendeshwa kwa HTTP, weka jina na nywila. Simu na kompyuta ziwe kwenye waifai moja. Bando halitumiki, maana amri zinazunguka ndani ya nyumba tu. Ukipendelea vitufe vya kushika, kuna kibodi ndogo zisizo na waya zenye ukubwa wa kiganja, na watoto huzizoea upesi.

Windows 10 usiipuuze pia. Msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Kodi haitaacha kucheza kwa sababu hiyo. Lakini kwa mashine ambayo watoto wanaingia nayo mtandaoni, ningekushauri muda ukipatikana uhamie Linux Mint, ambayo ni huria na haikwazwi na umri wa mashine hiyo. Ina kivinjari na LibreOffice ya kazi za shule tangu siku ya kwanza, na Kodi unaipata kwenye duka lake la programu. Nakala ya diski ya nje itakuwa imeshakuandalia safari hiyo. Kama fundi wako anataka kuzipata shilingi 3,000 zake kwa haki, mpe kazi hiyo, ukiwa umekaa kando yake.

Na kama bado unatamani kuiona LibreELEC, iweke kwenye flashi tupu kwa programu yao ya kuandalia flashi, ukijua kwamba flashi itafutwa. Washa kompyuta huku ukibonyeza F9 kama ni HP, F12 kama ni Dell au Lenovo, chagua flashi. Orodha itakuja na maneno matatu: Installer, Live na Run. Chagua Run. Itaendesha Kodi kutoka kwenye flashi na kuhifadhi mipangilio humo humo, bila kuisakinisha kwenye diski. Installer usiiguse, na usichelewe, kwa sababu usipochagua kitu ndiyo inayoanza yenyewe.

Kodi inakuja tupu, bila sinema hata moja. Mjini utakutana na watu wanaouza visanduku "vilivyojazwa", au watakaokuwekea viongezi (add-ons) vya kutazama kila filamu na kila mechi bure. Hizo ni kazi za watu zilizochukuliwa bila ruhusa yao, na ukitoka River Road ukawaona wanaotengeneza filamu zetu wakihangaika kuuza nakala moja moja utaelewa kwa nini mimi siziweki. Viongezi vingi vya aina hiyo pia hufa baada ya wiki chache, vingine huingia na vidudu, na bando lako litaisha siku ya mechi ya kwanza. Kaa kwenye hifadhi rasmi iliyomo ndani ya Kodi.

Baadaye mkitaka kutazama kwenye simu chumbani wakati televisheni ina mtu, tafuta Jellyfin, programu huria ya seva iliyoanza Desemba 2018. Lakini iache kwa sasa. Kitu kimoja kifanye kazi kwanza.

Stima ikikatika katikati ya kunakili, diski inaweza kuumia. Weka UPS ndogo, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, na uizime Kodi kwa alama yake ya kuzima iliyo juu kushoto, si kwa swichi ya ukutani.

Mwisho ni zile DVD zenyewe. Nadhani video hizi zilitoka kwa mpiga picha zikiwa kwenye DVD za kuchomwa, zile zenye rangi ya zambarau chini. Rangi hiyo ndiyo inayobeba picha, na inafifia hata diski ikikaa kwenye kasha. Ya harusi ya kaka yangu ilikwama kwenye dakika ya arobaini, pale mama anapoinuka kuwabariki, na tulikuwa tumeitunza vizuri. Kwa hiyo angalia kama ulinakili folda yote ya VIDEO_TS, ile inayobeba video ndani ya DVD, au ulichukua vipande tu. Kodi inaicheza folda hiyo ilivyo, huna haja ya kuibana wala kuibadilisha. Diski ikigoma, ioshe kwa maji na sabuni kidogo, uifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Jaribu kisomaji kingine, maana kimoja hukataa kile ambacho kingine hukubali. Ikigoma bado, mwambie fundi atumie ddrescue kwenye Linux: inasoma kwanza sehemu zote nzima, kisha inarudi kwenye zile mbaya tena na tena. Ile ya kaka yangu niliiacha usiku kucha. Asubuhi zilikuwa zimepotea sekunde sita tu, na sauti ya mama ilikuwa yote.